Maswali na Majibu: Ukuta wa Mpakani, Mpima Aitwe na Nani?

Barua za ukuta zimekuwa nyingi tangu ploti za pembezoni mwa Nakuru na Kisumu zianze kujengwa nyumba za kupangisha. Tumechagua saba. Majina tumeyaacha, mahali tumepabakiza, kwa sababu udongo na aina ya hati hubadilisha jibu.

Hamjambo wataalamu. Jirani yangu wa upande wa chini ameleta mtu mwenye mashine ya miguu mitatu. Wamepiga rangi nyekundu upande wangu, wanasema ukuta wangu wa mawe umeingia kwake futi mbili na niubomoe kabla ya mwisho wa mwezi. Ploti zetu ni hamsini kwa mia. Nimlete mpima wangu apambane na wake, ama nikubali yaishe?
*Mama mwenye ploti, Kiamunyi, Nakuru*

Mama, usibomoe, na wala usilete mtu wa kupiga rangi ya buluu karibu na ile nyekundu. Mpima aliyeitwa na kulipwa na upande mmoja ametoa maoni, hajatoa uamuzi. Kwa ardhi iliyosajiliwa, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inampa msajili wa ardhi kazi ya kuamua mpaka wenye utata, na kifungu cha 18 kinaizuia hata mahakama kusikiza kesi ya mpaka ambao haujaamuliwa kwa njia hiyo. Tarehe ya mwisho wa mwezi ameiweka jirani. Haimo katika sheria yoyote.

Kabla ya mpima yeyote kutoa mashine kwenye boksi, muulize: mpaka huu ni wa aina gani? Kuna ploti zilizopimwa kikamilifu, kila kona ina bikoni, yaani alama ya mpaka iliyozikwa ardhini, yenye namba na vipimo vyake viko kwenye plani iliyohifadhiwa na idara ya upimaji. Hapo mpima hurudisha bikoni mahali pake kwa sentimita. Lakini ploti nyingi zilizotokana na mashamba makubwa yaliyogawanywa zina mpaka wa jumla tu: zinategemea ramani ya usajili, ile wenyewe wanaiita RIM, pamoja na fomu ya mgawanyo iliyochorwa siku ya kukata shamba. Sheria yenyewe inasema ramani hiyo huonyesha mpaka kwa makadirio.

Chukua rula uone makadirio hayo yana ukubwa gani. Ramani nyingi za aina hiyo zimechorwa kwa skeli ya 1:2,500. Milimita moja kwenye karatasi ni mita mbili na nusu ardhini. Futi mbili anazodai jirani yako ni robo ya milimita, na mstari wa penseli ya kawaida ni mnene kuliko hapo. Mtu akikwambia amezisoma futi mbili kwenye RIM, mwombe akuonyeshe. Hazisomeki. Kama amezipata, amezipata kwenye fomu ya mgawanyo, ama kwenye bikoni alizozikuta, ama kwa tepi.

Tepi ndiyo imewagombanisha watu wengi. Vipimo vya plani ni vya usawa, kana kwamba ardhi yote ni tambarare. Chukua ploti ya futi 100, yaani mita 30.48, kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 5. Fundi akilaza tepi chini kufuata nyasi, kutoka bikoni hadi bikoni itasoma karibu mita 31.1. Akiamua kuhesabu futi 100 zake papo hapo kwenye nyasi na kupigilia kigingi, kigingi kitakuwa pungufu kwa takriban sentimita 60. Futi mbili hizo! Kwa kuwa umesema jirani yako yuko upande wa chini, jambo la kwanza la kuuliza ni kama yule mtu alipima kwa usawa.

Kosa la pili ni kuanzia bikoni moja. Bikoni iliyo peke yake haiwezi kujitetea. Huenda ilisukumwa na trekta ama ikang'olewa na kijana wa kuchimba msingi akairudisha “karibu hapo”. Mpima makini hutafuta walau bikoni tatu za zamani zisizotiliwa shaka, hata kama ziko ploti nne kutoka kwako, apime umbali kati yao na kulinganisha na kumbukumbu. Zikikubaliana, anaanzia hapo. Zisipokubaliana, anaendelea kutafuta. Ndiyo maana mpima anayemaliza kazi kwa dakika ishirini bila kutoka nje ya geti lako hafai kuaminiwa, hata mashine yake iwe mpya kiasi gani. Na yule wa simu ama kifaa kidogo cha mkononi cha GPS tusimzungumzie: kifaa kama hicho hukosea kwa mita kadhaa.

Tatu, ukubwa ulioandikwa kwenye hati hausaidii kuuweka ukuta. Hamsini kwa mia kamili ni karibu hekta 0.0465. Hati ikisoma 0.045, tofauti hiyo ikitandazwa kwenye urefu wote wa ploti ni karibu nusu mita. Watu wamenyang'anyana nusu mita hiyo miaka mingi, kumbe ni mtu aliyekadiria namba ofisini.

Sasa kuhusu nani amwite mpima. Ushauri wetu ni mpima mmoja, aitwe na nyinyi wawili kwa barua moja yenye sahihi mbili, alipwe nusu kwa nusu. Wapima wawili wanaopambana huleta mistari miwili, na mara nyingi tofauti yao haitokani na mashine bali na karatasi walizoanzia. Awe mwenye leseni ya Bodi ya Wapima Ardhi chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299. Kijana anayeshika mashine anaweza kuwa msaidizi tu na akawa hodari sana, lakini ripoti isiyo na jina, sahihi na namba ya leseni ya mpima mwenyewe haitakufikisha popote.

Barua ya kumteua isiwe “njoo utupimie”. Iandikwe hivi:

“Sisi, wenye ploti namba … na …, tunakuomba utafute ama urudishe bikoni zote za ploti hizi mbili kwa kutumia kumbukumbu za ofisi ya upimaji, utaje ni kumbukumbu zipi, upime umbali kutoka mstari wa mpaka hadi uso wa ukuta pande zote mbili, juu ya msingi na kileleni, kila baada ya mita 3, utoe ripoti moja yenye mchoro, nakala mbili, siku moja kwa wote.”

Kupima chini na juu kuna sababu. Ukuta wa futi nane ulioinama kidogo unaweza kuwa kwako chini na kwa jirani juu, na mtu aliyepima kwa urefu wa kifua hatajua. Tena mwambieni achimbe vishimo vitatu kando ya ukuta hadi msingi uonekane. Msingi ndio huvuka kwanza, na hakuna anayeuona.

Siku ya kazi, waarifu majirani wa nyuma na wa kando kwa maandishi, maana bikoni zako mbili ni zao pia. Kabla ya siku hiyo fanyeni upekuzi rasmi wa hati zote mbili, yaani kuomba ofisi ya usajili wa ardhi iwape kilichoandikwa kwenye rejista, mpate na nakala ya ramani na fomu ya mgawanyo. Mpima anayekuja bila karatasi hizi atapima kuta zilizopo, na kuta zilizopo ndizo zenye ugomvi.

Jirani akikataa kutia sahihi, usipoteze mwezi ukimbembeleza. Nenda ofisi ya usajili wa ardhi ujaze fomu ya maombi ya kuamuliwa mpaka, uambatishe nakala ya hati na matokeo ya upekuzi. Msajili atawapa notisi wote wanaohusika, atakuja kwenye ploti na mpima wa serikali, atasikiliza pande zote na kuamua. Siku hiyo leta mkataba wa kununua, picha za zamani zinazoonyesha ukuta ama ua, na aliyekuuzia kama yupo. Mpima wako binafsi anaruhusiwa kuja na kuzungumza. Hapo ndipo pesa yako kwake inafanya kazi. Asiyeridhika ana siku 30 tangu kuarifiwa uamuzi kukata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo iko papo hapo Nakuru. Jirani akileta nyundo kabla ya hayo yote, hilo tena si suala la mpaka: ni uharibifu wa mali, ni kosa la jinai, na wakili anaweza kuomba zuio.

Ndugu yangu anaishi Leicester, Uingereza. Anasema kule ukitaka kugusa ukuta wa pamoja kila jirani anateua mpima wake, na wapima hao wanachagua wa tatu, na wanachosema ni sheria. Kwa nini sisi hatufanyi hivyo? Mimi na jirani tunataka kuinua ukuta wetu wa pamoja na kujengea vibanda vya duka pande zote mbili.
*Msomaji, Mamboleo, Kisumu*

Nduguyo amesema kweli, ila amekata kipande. Sheria hiyo ya kuta za pamoja ilipitishwa 1996 na kuanza kutumika Julai 1997, na ni ya England na Wales tu, Scotland haimo. Anayetaka kugusa ukuta wa pamoja uliopo humpa jirani notisi ya maandishi miezi miwili kabla. Kwa ukuta mpya kwenye mstari wa mpaka, ama kuchimba karibu na jengo la jirani, ni mwezi mmoja. “Karibu” imewekewa namba: ndani ya mita 3 ikiwa shimo linaenda chini kuliko msingi wa jirani, na hadi mita 6 kwa mashimo ya kina zaidi. Notisi ya kugusa ukuta uliopo ama ya kuchimba isipojibiwa kwa siku 14, inahesabiwa kuna mgogoro. Hapo wanaweza kukubaliana mpima mmoja, ama kila mmoja akateua wake, na wapima hao wawili wakamchagua wa tatu mapema, ambaye huitwa tu wakishindwa kuelewana. Jirani akikataa kuteua hata baada ya kuombwa na kupewa siku 10, mwenzake anamteulia. Uamuzi wao unafunga pande zote, na rufaa ni siku 14.

Kipande kilichokatwa ni hiki: wapima hao hawaamui mpaka uko wapi. Wanaamua kazi itafanywaje, saa ngapi, ukuta utalindwa vipi, na nani atalipia ufa ukitokea. Mpaka wenyewe ukiwa na utata, kule nako unaenda kwingine.

Kenya haina sheria kama hiyo. Lakini hakuna kinachowazuia nyinyi wawili kujifunga kwa mkataba, na kwa kuwa mnaelewana, huu ndio wakati. Mkishagombana hakuna atakayetia sahihi. Mkataba huo ueleze ukuta ni wa nani kwa sasa, nani anatoa nini kwa kuuinua, kila mmoja anaruhusiwa kuegemeza nini juu yake, na nani ataitwa mkikosana. Mtaje mtu huyo kwa jina na taaluma, na mtaje wa akiba pia, maana watu husafiri na hufa. Mkiandika kwamba neno lake ni la mwisho, mjue mnaweza kuwa mnamfanya msuluhishi chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 1995, na kulipindua neno hilo mahakamani ni kazi ngumu. Kama hamtaki kwenda mbali hivyo, andikeni kwamba atatoa maoni ya maandishi na kwamba hakuna atakayefungua kesi kabla ya kuyapata.

Kitu kimoja cha Waingereza tungekiiga kesho asubuhi: rekodi ya hali ya ukuta kabla ya kazi. Mtu asiye upande wowote anazunguka na kupiga picha kila ufa, kila chokaa iliyobanduka, kila mlango unaokwama, akiandika urefu na upana. Ni kurasa chache. Bila hizo, ufa wa miaka kumi utazaliwa upya siku jirani atakapoanza kuchimba.

Vibanda navyo vinahitaji kibali cha kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, na mhandisi aangalie kama msingi wa sasa utabeba uzito huo. Ukuta wa uzio haukujengwa kubeba paa.

Ukuta wa matofali kati yangu na jirani umeinama kuelekea kwangu na una ufa wa kuingiza kidole. Yeye alijaza kifusi kwake kukwepa maji ya mafuriko. Nimeambiwa nitafute mpima wa ardhi. Je, ni huyo?
*Mwenye nyumba, Nyamasaria, Kisumu*

Siye. Mpima ardhi atakwambia ukuta uko wapi. Hatakwambia kwa nini unaanguka. Hiyo ni kazi ya mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Na siku ya kudai fidia utahitaji mtu wa tatu, mkadiriaji wa ujenzi, wa kuweka bei ya kubomoa na kujenga upya. Watu hulipa mtu wa kwanza wanayemjua, wakapata ripoti nzuri inayojibu swali ambalo hawakuuliza.

Kwa ulivyoeleza, kuna mambo mawili yanayoweza kuwa yanafanya kazi pamoja. La kwanza ni udongo mweusi wa tambarare ya Kano. Huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na msingi wa kina kifupi hupanda na kushuka nao. Dalili yake ni ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga mvua ikija. La pili, na hili ndilo tunalishuku zaidi, ni kifusi. Uzio hujengwa usimame peke yake. Ukijaziwa udongo upande mmoja umegeuzwa kuwa ukuta wa kuzuia ardhi bila mtu kuubadilisha. Msukumo wa udongo hauongezeki sawasawa na kimo: kifusi cha mita 1 kikifanywa mita 2, nguvu inayousukuma ukuta inakaribia mara nne. Ongeza maji yaliyokwama nyuma yake, na hali huzidi. Dalili ni ukuta unaoinama upande mmoja tu na haurudi, ufa mpana zaidi mahali pamoja, matofali ya chini yakiwa na unyevu upande wako.

Wakati unamtafuta mhandisi, pigilia misumari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa, pima umbali kati yao kila Jumapili na uandike tarehe. Weka alama ya penseli kwenye ncha za ufa. Tundika uzi wenye jiwe kutoka juu ya ukuta na upime pengo chini. Vipimo vya wiki sita vitamwambia mhandisi zaidi ya maneno ya saa nzima. Lakini ukiona pengo la uzi linaongezeka wiki hadi wiki, usingoje sita: ondoa watoto, gari na kamba za nguo upande huo, na uarifu idara ya majengo ya kaunti kwa maandishi, nakala kwa jirani. Ufa wa kuingiza kidole si wa kupiga plasta.

Suluhisho mhandisi analoweza kutoa ni kuondoa kifusi hadi umbali fulani, ama kujenga ukuta wa kweli wa kuzuia ardhi kwenye ploti ya jirani, wenye kokoto nyuma na matundu ya mabomba ya plastiki chini ya kutolea maji. Swali litakalofuata ni maji hayo yatamwagika wapi. Yasimwagike kwako. Yaandikwe kwenye makubaliano kwamba yataelekezwa kwenye mtaro.

Tunataka kujenga ukuta mpya wa mawe mimi na jirani. Fundi anasema “weka kwenye kamba ya bikoni.” Ni sawa?
*Msomaji, Kakamega*

Kamba ya bikoni ni mstari, ukuta una unene. Chukua ukuta wa jiwe la inchi nane, sema milimita 200, juu ya msingi wa zege wenye upana wa milimita 600. Msingi unatoka milimita 200 kila upande wa ukuta. Fundi akiweka uso wa nje wa ukuta kwenye kamba, ukuta wote uko kwako lakini sentimita 20 za zege ziko kwa jirani chini ya nyasi. Hutaziona hadi siku atakapochimba msingi wake, na hapo undugu utaisha.

Chagueni moja kati ya mbili. Ukuta wa pamoja: katikati ya ukuta ikae kwenye kamba, kila mmoja atoe milimita 100 za ukuta na 300 za msingi, gharama nusu kwa nusu, na karatasi ya kurasa mbili yenye namba za ploti. Ama ukuta wako peke yako: ukingo wa msingi, si wa ukuta, ndio ushike kamba, kwa hiyo ukuta unarudi ndani milimita 200. Kwa njia hii ya pili unapoteza ukanda mwembamba lakini hakuna atakayekuita kutoa maelezo. Sisi tungependelea hii hata kama jirani ni mtu wa nyumbani.

Mpima aje mara mbili: kabla ya kuchimba, na tena msingi ukishamwagwa kabla ya jiwe la kwanza. Ziara ya pili ni fupi na rahisi. Hakikisha fundi hang'oi bikoni kupitisha mtaro wa msingi. Apindishe zege kuizunguka, ama mpima aweke alama za pembeni za kuirudishia.

Ni nani analipa mpima, na bei ikoje?
*Msomaji, Bungoma*

Aliyemwita ndiye humlipa, isipokuwa mmeandika vingine. Hakuna bei moja ya nchi nzima ya kukutajia, lakini omba ankara inayotenganisha: kutafuta kumbukumbu ofisini, siku za kazi ya nje, bikoni mpya ngapi, ripoti na mchoro, na siku ya kuja mbele ya msajili ikihitajika. Hiyo ya mwisho watu huisahau, kisha mpima anadai posho wakati kesi imeshaitwa. Bei ya chini sana mara nyingi maana yake ni kwamba kazi ya ofisini imerukwa. Usilipe yote mwanzoni. Bakiza sehemu hadi ripoti yenye sahihi iwe mkononi.

Jirani alijenga ukuta ndani ya shamba langu 2016. Nimemwandikia barua tatu. Anasema nimechelewa.
*Mzee, Njoro*

Bado hujachelewa, mzee, lakini saa inakwenda. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, mtu anayekalia ardhi ya mwingine waziwazi, peke yake na bila ruhusa kwa miaka 12 anaweza kuiomba mahakama imtangaze kuwa mwenye ardhi hiyo. Kwa ukuta wa 2016 miaka hiyo inatimia 2028. Barua tatu, hata kumi, hazisimamishi hesabu. Kinachoisimamisha ni kesi iliyofunguliwa, ama wewe kurudi na kuikalia ardhi hiyo, ama yeye kukiri kwa maandishi kwamba ardhi ni yako na yupo kwa ruhusa yako. Hili la mwisho ndilo rahisi zaidi kama mnazungumza: karatasi moja, mashahidi wawili, na anaweza kuendelea kukaa na ukuta wake huku ardhi ikibaki yako. Akikataa, omba msajili aamue mpaka sasa, maana bila hilo kesi yako ya mpaka haitasikizwa, na uamuzi wa msajili haufiki kwa wiki moja.

Mpaka wetu ni ua wa minyaa uliopandwa na babu. Hati bado iko kwa jina lake, naye alifariki. Wazee wa kijiji walikaa na chifu wakaamua ua usogezwe. Mpima anaweza kuja kuweka bikoni?
*Mjukuu, Vihiga*

Asije bado. Wazee na chifu ni mashahidi wazuri wa ua ulipandwa lini na nani, na msajili atawasikiliza, lakini hawana uwezo wa kuhamisha mpaka wa ardhi iliyosajiliwa. Hata mabaraza rasmi ya migogoro ya ardhi yalifutwa 2011. Ua ule ule, kwenye mpaka wa jumla, ni ushahidi wenye nguvu, pengine kuliko ramani. Kuung'oa ama kuusogeza bila idhini ni kosa chini ya kifungu cha 21 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka miwili ama faini ya shilingi 200,000. Kwa hiyo panga lisiguse mnyaa hata mmoja, ila upige picha ua wote kutoka ncha hadi ncha.

Tatizo lako la kwanza ni kwamba hakuna aliye hai mwenye haki ya kutia sahihi barua ya kumteua mpima kwa niaba ya shamba hilo. Familia ifungue shauri la mirathi, mahakama itoe barua za usimamizi, na msimamizi atakayetajwa ndiye atakayeomba upekuzi, atakayejaza fomu ya msajili na kumwita mpima.